Mbao Saba za Sitaha

Kwa miaka kumi na mmoja nilipita bandarini Kilindini na makaratasi kwapani, na karibu kila siku niliona tishari la maji likivutwa na tagi kwenda kuzipa maji meli zilizotia nanga. Lilikuwa jeusi kwa lami, halina mlingoti wala dohani, na ubavu wake umejaa viraka vya chuma, hata usingejua kipi cha asili na kipi cha kubandikwa. Makarani tulikuwa tukilicheka. Tulisema siku moja litazama kwa maji yake lenyewe na bahari haitakuwa na hatia. Katika kulicheka mimi ndiye niliyekuwa na mdomo kuliko wote.

Ofisi yetu ilikuwa Shimanzi, juu ya godauni moja, mahali ambapo malori hayakukoma kupita na vikombe vya chai vilitembea vyenyewe mezani. Ilikuwa ofisi ya wakala wa kutoa mizigo bandarini, na kazi yangu ilikuwa kujaza fomu za forodha. Nasema bila haya kwamba hakuna aliyezijaza kunishinda. Nilijua kila aina ya bidhaa ina fungu lake, nilijua neno lipi likiandikwa mahali pasipofaa huuweka mzigo juani mwezi mzima, na wanaume walionizidi cheo walinijia na fomu zao zilizokataliwa wakizificha ndani ya gazeti. Tajiri wetu alipenda kuwaambia wageni kwamba fomu iliyopita mkononi mwangu haijapata kurudishwa. Sifa hiyo niliivaa kama mkufu wa dhahabu, na kama mkufu, niliihisi shingoni kila nilipogeuka.

Nyumbani kwetu ni Kuze, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa. Niliwahi kuolewa, nikarudi, na baada ya mama kufariki tulibaki wawili, mimi na baba. Yeye alikuwa na kiduka chini ya nyumba, akiuza mafuta ya taa, viberiti na sabuni, na alikuwa amepita miaka sabini. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu nipate akili. Mtaa mzima ulijua kwamba katika ujana wake alikwenda vitani na manowari ya Waingereza, vile vita vya Hitla, akitia makaa ya mawe kwenye boila. Hayo tuliyajua kama mtu anavyojua kwamba jirani yake alizaliwa Lamu. Hatukuuliza zaidi.

Siku moja, katikati ya miaka ya tisini, tulikuwa tumekaa kula chakula cha mchana, nikamwambia habari za bandarini ili kumchangamsha. Nikasema lile tishari la maji limefikia mwisho wake, limeuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na wiki hii wanaanza kulikata kwa moto wa gesi. Nikaongeza na ule mzaha wetu wa kuzama.

Baba alilirudisha tonge sahanini.

"Hiyo ndiyo meli yangu," akasema.

Nilidhani anachanganya mambo. Akaniambia hachanganyi. Ile ndiyo manowari aliyokwenda nayo vitani, na tangu walipoing'oa injini na kuigeuza tangi la maji amekuwa akiiona kila alipopata safari ya kwenda upande ule. Nilikasirika, sina la kuficha. Miaka kumi na mmoja nimeipita ile meli, nimeicheka, nimekuja nyumbani nikakaa na mwenyewe, naye kimya. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu kwamba sikuuliza.

Alasiri ile hakufungua duka. Alinieleza yaliyozipata zile meli vita vilipokwisha. Zilikuwa meli ndogo, nyingine zilitengenezwa kwa kuvua nyangumi kabla ya kutiwa mizinga, na kazi yao ilikuwa kuzoa mabomu yaliyotegwa baharini ili meli kubwa zipite. Amani ilipokuja hakuna aliyezitaka. Moja ilivutwa mpaka bahari kuu ikapigwa mizinga na Waingereza wenyewe, kujifunza shabaha. Moja ilinunuliwa na mfanyabiashara, ikabeba nazi kavu na boriti za mikoko mpaka ikapanda mwamba. Yake yeye iligeuzwa punda wa maji. Na watu wake walipangwa foleni, kila mmoja akapewa cheti na jozi ya viatu, wakaambiwa kwaheri. Aliyasema hayo bila uchungu. Uchungu niliubeba mimi.

Kisha akaja kwenye lile alilotaka kusema tangu mwanzo. Alikuwa na rafiki yake melini, Mdigo wa upande wa kusini, wakipokezana sepetu mbele ya tanuri moja. Bomba la mvuke lilipasuka zamu ya rafiki yake. Aliishi siku moja na nusu, akafa wakiwa mbali na nchi kavu. Nahodha hakuthubutu kusimamisha meli kwa kuogopa nyambizi za adui, kwa hiyo baba na Waislamu wenzake watatu walimwosha maiti kwa maji ya chumvi, wakamshona ndani ya turubai na kipande cha chuma miguuni, wakamswalia huku wameshikilia kamba wasianguke. Wakamlaza juu ya ubao, wakauinamisha ubavuni, pale penye mlango mdogo wa ukingo. Mlango huohuo ndio waliokuwa wakimwagia majivu ya tanuri kila asubuhi.

"Hakubebwa," baba akaniambia. "Alimwagwa. Mimi ndiye niliyeshika ubao upande wa kichwa, na ubao ukarudi mtupu mikononi mwangu."

Kwa asiyekulia kwetu nieleze. Katika Mji wa Kale jeneza likipita, hakuna anayeuliza ni nani aliyelala ndani. Muuza kahawa huweka chini dele, birika lake la shaba, fundi cherehani huacha shati lina mkono mmoja, na kila mwanamume hupenyeza bega lake walau hatua saba, kisha humwachia mwingine. Maiti huvuka mji juu ya mabega ya watu ambao huenda hakuwahi kuwasalimia. Hiyo ndiyo haki ya mwisho ya mtu, na rafiki yake baba hakuipata. Nusu karne jambo hilo lilimkaa kooni.

Sasa alikuwa na ombi. Sitaha ya meli ile ilikuwa ya mbao za msaji, na msaji hauozi. Jeneza la msikiti wetu lilikuwa limechoka, mguu mmoja umefungwa kwa waya, na wabebaji walilijua hata gizani kwa mlio wake. Alitaka mbao chache kutoka sitaha ile, zilizokanyagwa na rafiki yake, fundi seremala azigeuze jeneza jipya la msikiti, ili kila maskini na mgeni atakayekufa mtaani abebwe juu yake. Na akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba angependa na yeye atoke nalo. Nikamwambia baba, hilo tu? Kutoa vitu bandarini ndiyo kazi yangu. Nipe wiki moja.

Kesho yake nilikwenda. Meli ilikuwa imevutwa mpaka pembeni, ndani ya ua wa bandari, na cheche zilikuwa zinaruka. Msimamizi wa wakataji alikuwa Mgiriama mmoja wa makamo, mtu wa kanisa, mpole, aliyefunga kitambaa kichwani kuzuia jasho. Nilimweleza habari yote. Aliisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake ya kazi, akasema babake mdogo naye alikwenda vita hivyo akarudi bila vidole viwili. Mwenye kununua meli alitaka chuma tu, mbao hakuwa na haja nazo. Akachukua mtaimbo, akabandua lami, na chini yake nikaona ubao wa rangi ya asali, mzima. Akaniahidi saba ndefu. Mchana ule zilikuwa zimeshang'olewa na kuwekwa kibandani karibu na geti.

"Dada, kwenye pasi ya geti andika kuni," akaniambia. "Kuni hapa zatoka kila siku, wapishi wa mjini wazichukua. Hakuna atakayekuuliza."

Nilihisi kama ametukana. Nikamwambia hizi si kuni. Hizi ni mbao za msaji, zina historia, zinakwenda msikitini kubeba waja wa Mungu, na mimi, kwa kazi yangu na jina la mkono wangu, siwezi kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali. Akainua mabega akasema kama nipendavyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi niliinua guu mwenyewe.

Kwani sikuishia hapo. Mtu mwingine angeandika mbao kuukuu, basi. Mimi nilijua sheria kuliko mtu mwingine. Nilijua kwamba vitu vinavyokwenda kwenye nyumba ya ibada vinaweza kuombewa msamaha wa ushuru. Basi nikachukua fomu kubwa, nikaichapa kwa nakala nne, kila safu imejaa: mbao za msaji, vipande saba, asili yake sitaha ya manowari, matumizi yake jeneza la msikiti, ombi la msamaha limeambatishwa. Niliitazama ile fomu kwa kiburi. Hakuna karani mwingine Mombasa ambaye angeweza kuiandika vile, na hilo ni kweli kabisa. Mwingine yeyote angekuwa amekwisha toka na mbao zake saa sita.

Ofisa wa geti aliisoma mara mbili. Akaniuliza meli hii iliingia nchini lini. Nikamwambia wakati wa vita. Akauliza namba ya hati ya kuingilia. Nikamwambia manowari haziingii kwa hati, zinaingia kwa mizinga. Hakucheka. Akasema kwa upole kabisa kwamba angeweza kuamua juu ya mbao, lakini msamaha wa nyumba ya ibada si wake kuutoa. Hilo ni la wakubwa Nairobi. Akagonga muhuri, akafungua faili, akatuma mtu akaziandike mbao namba kwa chaki nyeupe. Nilipomuuliza itachukua muda gani, akaniambia subira yavuta heri. Mwenye kiti cha kuzunguka hana shida kumwambia hivyo aliyesimama.

Wiki ikawa tatu. Kila nilipopanda ngazi jioni na buibui langu la vumbi la Shimanzi, baba aliuliza swali moja.

"Mbao zimetoka?"

"Bado, Baba. Karibu."

Nilipiga simu Nairobi mpaka tajiri akaanza kuitazama simu kwa jicho baya. Mara faili halijafika, mara limefika lakini mwenye kulishika yuko likizo, mara lipo mezani lakini linahitaji barua ya kamati ya msikiti kuthibitisha kwamba jeneza linahitajika. Nikaenda kwa wazee wa kamati. Na hapo ndipo nilipojua kwamba balaa halina nyumba moja. Mzee mmoja akauliza, juu ya ile sitaha Wazungu walikuwa hawanywi pombe? Hawakula nguruwe? Ubao ulionyweshwa bia miaka ya vita utambebaje Muislamu kwenda kwa Mola wake? Wakabishana Ijumaa mbili. Wanaume wazima, wenye ndevu, wakijadili bia iliyomwagika kabla ya nusu yao kuzaliwa. Mwalimu wa madrasa ya mtaani kwetu ndiye aliyekata neno, akasema ubao huoshwa ukatoharika, kama sisi. Barua ikaandikwa. Nikaituma. Nairobi wakasema barua haina muhuri wa kamati. Kamati haikuwa na muhuri. Tukauchonga muhuri.

Wakati huo wote baba alikuwa akipungua. Kile kifua kilichokula makaa ya mawe kilianza kudai. Daktari alinipa dawa za kumpunguzia maumivu na akanitazama kwa namna ambayo sikuhitaji kutafsiriwa. Fundi seremala, jirani yetu wa karibu, alikuwa amekwisha kuja na utepe wake, akalipima jeneza la zamani, akachora jipya kwenye karatasi ya sukari. Baba aliiweka ile karatasi chini ya mto wake. Alijua urefu wa kila mguu na mahali pa kila kabari. Siku nyingine alinirekebishia hesabu ya inchi katikati ya homa.

Akasema anataka kwenda kuziona mbao mwenyewe. Nikakodi teksi. Getini wakamzuia, hana pasi, na pasi ya mgeni inataka siku mbili. Nilibishana na askari hadi sauti ikanikauka. Baba hakubishana. Alikwenda akasimama kwenye uzio wa waya, akashika waya kwa vidole, akatazama. Meli ilikuwa imebaki nusu, imekatwa kama mkate, na ungeweza kuona vyumba vyake vya ndani vikipigwa na jua. Akanionyesha tanuri lilipokuwa. Msimamizi yule Mgiriama alituona kwa mbali, akaja mpaka upande wa pili wa waya, akamwamkia kwa adabu na kumpa mkono kwenye tundu.

Kisha, kwa nia njema kabisa, akasema, "Mzee, nilimwambia dada siku ile ile aandike kuni. Zingekuwa kwako zamani."

Baba aliitikia kwa kichwa. Kwenye teksi nilitazama dirishani, nikamchukia yule Mgiriama kwa moyo wangu wote, ingawa yeye ndiye mtu pekee aliyetusaidia tangu jambo lianze.

Nyumbani nilimlaza, nikamwekea mito mgongoni ili apumue. Nikaanza kujitetea kabla hajaniuliza. Nilimwambia nilitaka kuzipa zile mbao heshima yake. Nilimwambia kuni ni kitu cha kuchomwa, nisingeweza kuiandikia sitaha ya rafiki yake neno kama hilo.

Aliniacha nikamaliza. Kisha akanituma nilete bahasha iliyokuwa ndani ya sanduku lake, akatoa cheti alichopewa siku ile ya foleni na viatu. Nilikuwa sijapata kukisoma. Jina lake limeandikwa, na chini yake, palipoulizwa kazi, wameandika kuli.

"Miaka mine nilitia makaa katika manowari," akasema. "Karatasi yanambia nalikuwa kuli. Jee, sikwenda vitani?"

Nikamwambia ulikwenda, Baba.

"Ungaliandika kuni, mwanangu. Ubao hausomi."

Hakuniambia kwa hasira. Laiti angenifokea ningepata pa kushika. Aliniambia kama mtu anayemwonyesha mwanawe njia ya mkato baada ya kufika amechelewa, kisha akafumba macho, akalala.

Asubuhi nilikuwa getini kabla halijafunguliwa. Nikamwambia yule ofisa nimefuta ombi langu. Sitaki msamaha, sitaki mbao za msaji, nataka vipande saba vya kuni. Akanisikitikia kweli. Akavuta faili, likawa nene sasa, lina barua yangu, barua ya kamati, muhuri wetu mpya wa kuchonga, na karatasi mbili za Nairobi. Akasema kuni hazina faili. Kitu kikishakuwa na faili hakiwezi kuwa kuni tena, na akikitoa leo kama kuni, kesho ataulizwa zile mbao za msaji ziko wapi. Nilijua anasema kweli. Ningekuwa mimi upande ule wa meza ningemjibu hivyohivyo, tena kwa maneno makali zaidi. Nikatoka nje nikasimama kando ya kile kibanda. Mbao zilionekana kupitia ufa, zimepangwa vizuri, namba zao za chaki bado zinasomeka. Mita kumi kutoka pale geti lilikuwa wazi, na mkokoteni uliojaa kuni ulikuwa unatoka.

Baba alifariki siku ya nne baada ya hapo, baina ya adhuhuri na alasiri. Swali lake hakuliuliza tena zile siku nne. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kuulizwa.

Wanawake kwetu hawaendi makaburini. Sehemu yetu huishia mlangoni. Nilisimama nyuma ya wanawake wenzangu, nikasikia wanaume wakimteremsha ngazi taratibu, nikasikia tahlili ikianza, kisha nikausikia ule mguu wa waya ukilia walipomwinua begani. Mtaa mzima ulitoka kumbeba. Nilishukuru kwa hilo na bado nashukuru. Lakini alitoka juu ya jeneza lile lile la zamani, na ni mimi, mkono wangu usiorudishiwa fomu, niliyemchagulia.

Barua ya Nairobi ilifika kabla ya arobaini yake. Msamaha umekubaliwa. Tajiri mwenyewe ndiye aliyeniletea mezani, ametabasamu, akawaambia wenzangu mmeona, hata hii haikurudishwa. Nilikwenda msalani nikafunga mlango nikalia mpaka mtu akagonga.

Nilifikiri kuziacha zile mbao zioze, kama msaji ungekubali kuoza. Mwishowe nilikwenda, nikatia saini mahali patano, nikazitoa kwa mkokoteni hadi Kuze. Meli yenyewe ilikuwa imekwisha. Pale ilipolala palikuwa na doa la kutu tu, na msimamizi na watu wake walikuwa wamehamia chombo kingine. Fundi seremala aliziosha mbao mara tatu mbele ya wazee wa kamati, akafanya kazi kwa karatasi ile ya sukari niliyoitoa chini ya mto. Alikataa ujira. Jeneza likatoka zuri, zito kidogo, limetulia kwa miguu yote minne. Likaingizwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na lile la waya likaenda kupasuliwa.

Lilikaa pale karibu mwezi mzima bila mtu. Kisha akafa mchukuzi mmoja wa magunia, Mduruma, Muislamu aliyekuwa akilala kwenye baraza za maduka. Hakuna aliyejua jamaa zake wako kijiji gani, na siku ya pili hawakuwa wamepatikana. Watu wa msikiti walimwosha na kumkafini. Walimpitisha chini ya dirisha letu. Nilisikia tahlili ikija, nikasimama nyuma ya ubao wa dirisha, nikatazama kupitia upenyo.

Walikuwa wengi. Muuza kahawa aliweka dele chini. Fundi mwenyewe alikuwa mbele, upande wa kichwa. Wanaume ambao hawakuwahi kumpa yule mchukuzi hata salamu walikuwa wakigombania nafasi ya mabega yao, na jeneza lilikwenda juu yao bila mlio wowote. Lilikuwa jambo lile lile alilolitaka baba, neno kwa neno. Nilipaswa kushukuru, na nilijaribu. Mungu anisamehe, nilimwonea wivu maiti. Nilitaka wasimame, wamshushe yule maskini wa watu, wanirudishie mbao zangu, nami nirudi pale getini siku ya kwanza, niombe kalamu, niandike kuni.